Mke Mwenzio Amenitwika Sufuria

Mama Rajabu,

Leo mimi ndiye ninayeanza kukusalimia, jambo ambalo ukiwa hai halikutokea hata mara moja. Hatujambo. Nyumba ya Kanyenye bado imesimama. Paa linavuja palepale ulipokuwa ukinionyesha kwa kidole, na mimi bado nasema nitapanda Jumamosi. Baiskeli za watu bado zinakuja kwangu zikichechemea na kuondoka zikikimbia. Nakuandikia kwa mwandiko wa darasa la nne, tena la nne lenyewe nililikimbia njiani, kwa hiyo malaika atakayekusomea mwombe awe na subira.

Habari niliyonayo ni ya mke mwenzio.

Najua hapo umecheka. Tangu Tausi azaliwe nimemwita mke wangu mdogo, kama babu yeyote mwenye akili zake anavyomwita mjukuu, na wewe ukamwita mke mwenzangu, mkawa mnanigombania jikoni kila asubuhi. "Mchukue mzee wako," ulikuwa ukimwambia, "mimi kanichosha, anakoroma." Naye, na vijino vyake vichache, anajibu, "Simtaki, mzee huyo." Haya, mtoto amekua. Yuko darasa la sita, ana miguu mirefu kama ya korongo, na mwezi uliopita amenifanyia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naacha kula.

Unakumbuka siku uliyokwenda kuitazama ile shule. Rajabu alikuwa ametuletea mtoto tumlee tangu mdogo, yeye akarudi Mwanza kwenye kazi zake. Uliondoka asubuhi na kanga yako ya sikukuu, ukarudi adhuhuri, ukakaa mkekani, ukanyoosha miguu.

"Baba Rajabu, nimepata shule."

"Umeona nini huko? Kompyuta?"

"Nimemwona mwalimu mkuu kaingia mtaroni na watoto, wanazibua maji machafu."

"Kwa hiyo sisi tulipe ada, mtoto akazibue mitaro? Mitaro si ipo hapa nje, tena ya bure?"

"Hujanielewa. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeshangaa."

Nilicheka wiki nzima. Nikaipa shule jina, Chuo cha Mitaro, na majirani wakalipenda.  Wewe ulikwenda ukamwandikisha.

Mimi, mke wangu, shule niliyoijua ni ya kuimba. Mwalimu anasema, sisi tunaitika, na asiyeitika anaitikishwa kwa fimbo. Tuliimba mito ya nchi ambazo hata sasa sijui ziko upande gani, na hakuna aliyetupeleka kuona japo mfereji. Ndiyo maana mambo ya Tausi yalinishinda. Akirudi nyumbani anapima chumba chetu kwa kamba na kuniambia kitanda kimekula nafasi bure. Mara amechemsha sabuni imegeuka uji, na anafurahi, eti sasa wamejua kosa liko wapi. Wakati mmoja kuku wa darasa lao aliliwa na kicheche, na watoto wakaweka baraza kuulizana nani aliacha mlango wazi. Walikaa mpaka mwenyewe akasimama. Hakupigwa. Alipewa funguo za banda azitunze yeye. Niliposikia hivyo nikasema hawa walimu wamechanganyikiwa.

Na Rajabu naye akasema hivyohivyo, ila yeye hakuwa anatania. Alipiga simu.

"Baba, mtihani wa darasa la saba hauulizi habari za kuku. Huku kuna shule ya bweni, wanasoma tangu alfajiri, wanafaulu wote. Nataka nimhamishe."

"Mama yako ndiye aliyemchagulia hii."

"Mama Mungu amrehemu, lakini maisha ni cheti, baba. Mimi nabeba magunia bandarini kwa kukosa alama chache tu. Nisimwonee mwanangu uchungu?"

 Ni mwanao, anaogopa, na woga wake una haki. Tukakubaliana hivi: shule ilikuwa imewaalika wazee kwenye safari ya darasa la sita, niende, nione kwa macho yangu, na nikirudi neno langu ndilo la mwisho. Nikisema abaki, atabaki. Nikisema ahame, muhula ujao yuko Mwanza. Tausi sikumwambia. Nilimwona tu alfajiri ile akipiga pasi sketi ya shule huku anaimba, nikajisemea, maskini, hajui kwamba leo hakimu wake ni huyu anayetafuta soksi.

Safari yenyewe, ambayo mzee aliyefika ni mimi peke yangu, ni ya miguu, siku nzima, kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita kwetu Tabora kwenda Ujiji. Watoto wanatembea kama babu zetu wapagazi walivyotembea, na kila kitu wanapanga wao. Walikuwa wameazima mizani ya muuza nyama wakapima mizigo, mwenye mwili mdogo abebe kidogo. Walipiga hesabu ya maji, ya unga, ya kuni. Walisoma kwamba msafara wa zamani ulikuwa na kirangozi, mtu wa mbele, na kwamba hakuna aliyeruhusiwa kumpita, si mpagazi wala tajiri mwenye mali. Aliyempita alitozwa. Basi nao wakaiweka sheria hiyo, wakaipigia kura: atakayempita kirangozi, au kuiacha njia yake ili ampite, atabeba sufuria la ugali mpaka kambini, pale pa kupikia. Kirangozi waliyemchagua ni mke mwenzio. Walimvika kichwani manyoya ya jogoo, akawa kama jogoo mwenyewe.

Nikamuuliza Imrani, mtoto wa yule Mhindi anayeniuzia spoki na matairi, "Kwa nini mmemchagua mke wangu? Wanaume mmekwisha?"

"Babu, Tausi anasubiri watu."

 Badala ya kumtania nilikukumbuka wewe, barabara ya Sikonge, ujana wetu, baiskeli mbili na madebe ya asali, mnyororo wangu umekatika porini. Wenzetu wote walitupita wakitucheka. Wewe ulikaa juu ya debe, ukajifunika kanga, ukasema, "Tengeneza taratibu, asali haiozi." Mpaka leo sijui kama ulikuwa na njaa siku ile. Sikuuliza.

Tukatembea. Kulikuwa na binti mmoja mdogo ana viatu vipya vinamuuma, na Tausi akaufanya msafara wote uende mwendo wa viatu vile. Jua likapanda. Mimi hunijui? Nikaanza maneno.

"Mke wangu, unatembea kama kinyonga aliyelewa. Ujiji tutafika tumekufa."

"Tutafika wote, babu."

Basi nikakumbuka njia ya mkato, ile ya siku zetu za asali. Nikaingia porini kimyakimya kama mbuzi mwizi, nia yangu nitokee mbele niwapungie mkono. Nyuma nikasikia Imrani, "Babu, nakuja nawe." Nikafurahi kupata mfuasi. Sikutazama hata amebeba nini.

Njia ilikuwa imekufa, Mama Rajabu. Pale nilipoijua pana shamba la tumbaku, lina uzio wa miiba, na ndani yake mbwa asiyeheshimu mvi. Tulikimbia, tukazunguka, tukachanika, na tulipoipata barabara msafara ulikuwa umeshatangulia. Tuliwakuta mbele, wamekaa kivulini. Hakuna aliyecheza. Midomo imewakauka. Yule binti wa viatu alikuwa ameegemea mzigo, macho yamelegea. Ndipo nikageuka nikaona mgongoni mwa Imrani dumu kubwa la njano. Maji ya kunywa ya watu wote yalikuwa yamenifuata mimi.

Tausi alisimama akaja, akainama kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona umekunja uso kama hakimu?"

"Babu, umempita kirangozi."

"Nimempita mke wangu. Mtu hampiti mkewe?"

Watoto wakacheka, hata yeye akacheka, meno yote nje. Kisha kicheko kikaisha usoni mwake.

"Hilo ni la nyumbani, babu. Huku njiani umempita kirangozi, na maji yamekufuata."

Nikamtazama mwalimu wao, Mwalimu Kulwa, msichana wa Kisukuma, amekaa chini na mfuko wake wa maharage. "Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako."

"Mzee wangu, leo mimi ni mpagazi. Nikisema neno nitatozwa na mimi."

Mtoto mmoja akasema, "Tumsamehe jamani, ni mzee." Wengine wakaitikia. Nikaanza kunyoosha kofia yangu, nikijua nimepona. Tausi akawatazama wote, akamtazama Imrani, aliyekuwa anachora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Imrani alimfuata mzee kwa sababu ni mzee. Tukimtoza Imrani tukamwacha babu, itakuwaje?"

 Mimi ndiye niliyejibu, kwa sauti ambayo sikuijua ni yangu. "Lete sufuria."

Sufuria lenyewe ni lile la kupikia ugali wa harusi, jeusi ti kwa masizi. Likakaa juu ya kofia yangu nyeupe uliyoidarizi wewe. Imrani akapewa mwiko na ungo. Nikadhani yamekwisha.

"Bado kosa moja," Tausi akasema. Akavua manyoya, akayaweka chini. "Tulipolipita lile pori mimi sikugeuka nyuma kuhesabu watu. Ningehesabu ningejua maji hayapo. Na mimi nitozeni."

Hapo, mke wangu, nilisikia nywele zinanisimama chini ya sufuria. Nimeishi mji huu tangu nizaliwe. Nimeona viongozi, masheikh, mahakimu, matajiri wa tumbaku. Nimeona watu wakubwa wakitoroka makosa yao kwa magari, kwa mawakili, kwa kusingizia marehemu. Sijapata kumwona mmoja aliyesimama mbele ya watu wenye kiu akasema, nitozeni. Na huyu ni mtoto niliyemfuta kamasi.

Wenzake walinong'onezana, wakasema: kirangozi atakunywa wa mwisho. Hakubisha. Kikombe kikaanza kuzunguka, yule wa viatu kwanza, kisha wadogo, kisha wakubwa, na mwalimu, na mimi. Nilitazama koo la Tausi. Lilikuwa linameza mate yasiyokuwepo. Imrani alipofikiwa alikunywa nusu, akataka kumpa Tausi nusu nyingine. Tausi akatikisa kichwa, "Maliza, utazimia na huo ungo wako." Alipofikiwa yeye alikunywa kwa utulivu, akafuta mdomo, akavaa manyoya, akahesabu watu kwa sauti mmoja mmoja, tukaondoka.

Kijiji cha mbele wanawake walitoka kuniona. "Mzee, vipi, mke amekukimbia?" Nikawajibu, "Hajakimbia, yuko mbele pale, ndiye aliyenitwika!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka kuliko wao, na machozi yalinitoka, na ukiuliza nitasema ni masizi.

Usiku ule, tuliporudi nyumbani, nilimpigia Rajabu nikamsimulia yote. 

"Baba, nani alimwambia ajitoze?"

"Hakuna."

"Hata mwalimu?"

"Mwalimu alikuwa mpagazi, nimeshakwambia."

"Na mtihani?"

"Mtihani upo, na hesabu zake za sehemu bado zinaniogopesha. Akifeli nije nikubebee magunia. Lakini neno ulisema ni langu, na neno langu ni abaki."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi mwache, baba. Mama angeninyima usingizi."

Asubuhi nikamkuta Tausi uani ananawa uso. Nikajikohoza kama mtu mwenye habari kubwa. "Mke wangu, kuna jambo hukulijua. Baba yako alitaka kukuhamisha, na jana mimi ndiye niliyekuwa nakupima. Nimesema utabaki."

Hakuruka. Alifuta uso polepole, akaikunja kanga aliyojifutia.

"Nilijua, babu. Nilimsikia baba kwenye simu. Sauti yake huwa inatoka nje."

"Ulijua? Ulijua neno langu ndilo linaloamua, na bado ukanitoza mbele ya watu?"

Akanitazama kama vile nimeuliza swali la mtoto wa chekechea.

"Ulikuwa umempita kirangozi, babu."

Mama Rajabu, sina la kuongeza. Uliona siku moja tu, mtaroni, na ukaona yote haya. Mimi nimehitaji siku nzima ya jua na mbwa. Mungu akulaze mahali penye kivuli na maji mengi. Nimesimama uani tangu asubuhi ile, nadhani bado nimesimama.

Wako mzee wa kukoroma,
Baba Rajabu