Kwa Nini Nasalimia kwa Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Adela, shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Bukiriro hatujambo. Bibi yako anaanika maharage.

Umeuliza kuhusu mkono wangu. Ujanani nilishuka bondeni na bunduki kuukuu isiyojulikana fundi wake, kuwinda vile vindege vya topeni vyenye midomo mirefu. Nikakutana na mzee jirani. Kwetu humwamkii mkubwa huku mtutu ukimtazama, basi nikauinamisha, ukazama topeni.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.”

Kindege kikaruka, nikafyatua. Kumbe tope lilikuwa limeziba mtutu, bunduki ikapasuka! Vidole vya mkono wa kulia sikuviona tena.

Mpaka leo nashtuka, Adela: ningekosa adabu, ningekuwa navyo vyote. Hata hivyo, wewe waamkie wazee. Ila kwanza weka chini ulichoshika.

Babu yako