Tundu la tatu

Jumanne, baada ya mvua

Mama Neema alibishana na mimi. Anauzisha samaki wa barafu kule Kalundu, na leo nilimaliza kufunga kofre yake ya umeme, lile sanduku la kugawa waya. Kofre iko na tundu tatu chini, lakini tiyo, mabomba ya kupitisha waya, ni mbili. Nikasema tundu la tatu linazibwa.

"Uliache, fundi. Siku moja nitaongeza frigo ingine."

"Mama, mijusi haingoje siku moja. Ikiingia mule inagusa waya, nyumba inaungua. Ni sheria."

Nikaziba na bushoni, kile kifuniko cha plastiki chenye kikiisha kuingia hakitoke bila kukivunja. Alikasirika. Nikarudi Kavimvira na hasira pia, sijui ya nini.

Najua ya nini. Kofre ya hapa nyumbani iko na tundu wazi pembeni. Nililitoboa mimi mwenyewe, ili kupitisha waya wa chumba chenye bibi yangu Furaha alitaka kusukia watu nywele. Sasa yuko Bujumbura kwa mama yake, na watoto wetu. Nikimuuliza kama atarudi, anasema tutaona. Leo hakushika simu.

Bushoni moja ilibaki mu mfuko. Nikakata umeme, nikapanda kwenye kiti, nikaiweka mbele ya tundu. Mkono ukakataa kusukuma.

Nikakunja karatasi, nikaziba nayo. Karatasi inaungua; mteja akifanya vile ninamugombeza. Lakini karatasi unaitoa na kidole kimoja.