Sakafu ya Harusi Yangu

Mjukuu wangu Saidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Tabora hatujambo. Mama yako mdogo kajifungua wa kike, ana sauti kama muadhini.

Unasema shuleni kwa mwanao huko Mwanza watoto wamebanana kama tumbaku kwenye robota, na wazazi wanagombania fedha za ukarabati. Unauliza sisi tulifanyaje.

Enzi za Ujamaa serikali ilitupa mabati. Nusu ya mtaa walitaka yaezeke darasa jipya, nusu yazibe madarasa ya zamani yaliyovuja. Bwana Maendeleo wa wilaya akachoka nao, akasema: darasa jipya lisipopata sakafu kufikia Jumatatu, mabati anayapeleka kwingine. Kuta zilikuwa tayari, lakini wale wa upande wa pili walikataa kushika hata jembe.

Jumamosi ilikuwa harusi yangu. Mama na wenzake wakamwaga udongo wa kichuguu mle darasani, wakaunyunyizia maji, kisha mama akatangaza, "Ngoma ya mwanangu itachezwa humu." Nani asuse harusi? Walikuja wote, hata walionuna. Mimi nilikuwa nyumba ya pili, nimefunikwa kanga, nasikia vishindo tu mpaka magharibi.

Jumatatu Bwana Maendeleo akapiga kisigino chini. Sakafu ikalia kama jiwe.

"Kashindilia nani?"

"Harusi," mama akamjibu.

Mabati yakapanda wiki ile ile, na walionuna ndio waliopigilia misumari. Mama yako kajifunzia kusoma juu ya harusi yangu.

Sasa waulize hao wazazi wenzako: hakuna mwenye binti wa kuozesha?

Bibi yako, Mwajuma