Mpigie kwa Simu Yangu

Kaka yangu mpendwa,

Huku tu wazima. Cherehani imepona, sasa nashona mapazia ya hoteli.

Ila mpwa wako wiki hii hajaenda shule. Wenzake wameubandika uso wake kwenye mwili wa kiboko na kuisambaza picha hiyo. Wewe utotoni wenzako walikuwa wakikupiga njiani, lakini tukishafunga mlango, yameisha. Yeye wanamfuata hadi kitandani kupitia simu. Nilipomnyang'anya simu alilia: "Mama, wataendelea kunicheka, ila mimi sitajua wanasema nini." Nikamrudishia.

Mwalimu mkuu amewalazimisha kuifuta, lakini simu ya mwanangu ikilia bado anashtuka. Jana aliniuliza, "Mjomba aliwezaje kurudi shule?" Mweleze mwenyewe, ila piga kwa simu yangu.

Dada yako anayekuwaza