Moto kwa Jirani

Nkololo, Julai 1995

Kaka Machibya,

Mwangaluka. Sisi wazima, na ng'ombe wamenenepa.

Tulichinja wale fahali uliotaka tuwatumie kutangaza kwamba umeacha Benki Kuu na unagombea ubunge. Watu walijaa, wakakusifu, ila hakuna aliyenawa mikono. Nyama ililiwa na mbwa. Mzee Mahona, mkuu wa sungusungu, alisema kwa upole tu: "Ni yeye aliyetangaza redioni kwamba ushirika usikopeshwe tena. Kiwanda cha pamba kikafungwa, vijana wetu wakatawanyika. Nyama yake haimezeki."

Mama hakusikia, alikuwa jikoni.

Asubuhi hii amekwenda kwa Mama Sayi kuomba moto, kama siku zote. Ameambiwa umezimika. Amerudi na kigae kitupu, akicheka kwamba Mama Sayi amekuwa mvivu. Mimi nilikuwa nauona moshi juu ya paa la Mama Sayi.

Hujasahau, kaka, sungusungu wakimtenga mtu, nyumba yake yote hunyimwa moto kwanza, halafu maji. Usije kuomba kura. Njoo umchukue mama.

Sasa hivi amejitwisha ndoo, anakwenda kisimani.

Mdogo wako,
Minza