Sauti ya Ndege Ambayo Haijaundwa

Jumamosi. Upepo umelala tangu asubuhi na jua la Isiolo halina huruma, lakini mikono yangu ni baridi. Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kazi yangu ni kukadiria kelele za ndege ambazo bado hazijaundwa. Hii ya sasa injini zake hazining'inii chini ya mabawa. Zimebanwa mgongoni, karibu na mkia, ili mwili wa ndege uzuie kelele zisishuke. Nikiandika kwenye ripoti kwamba ni kimya, njia yake ya kutua itapita juu ya boma la Mama. Na Mama anaishi kwa maziwa ya ngamia. Ngamia akishtuka anafunga maziwa, na biashara imeisha.

Ndiyo maana asubuhi nilibeba spika hadi bomani, nikawachezea ngamia sauti niliyoikadiria, Mama akikamua. Ilipita kama mchele ukimwagwa kwa gunia. Ngamia hata masikio hawakutikisa. Nikajisifu moyoni, nikazima.

Halafu wakainua shingo. Wote. Wakageuka polepole, pamoja, kuelekea upande wa kijiji cha Leparua, kama wanaosindikiza kitu angani.

Mbingu ilikuwa tupu.

"Ile ya kwanza haina shida," Mama akasema, chombo bado gotini, maziwa yamekatika. "Hii ya pili ndio mbaya. Iko chini, inaingia kwa kifua."

Ya pili gani, jamani? Nilicheza moja tu.

Nilirudi ndani nikiwaza. Hesabu yangu huchukua injini peke yake, mwili peke yake, kisha inajumlisha. Lakini vikibanwa hivyo, pumzi ya injini inausugua mwili, na hapo huzaliwa sauti nyingine ambayo si ya injini wala ya mwili. Hiyo sikuiweka kwenye spika. Sikuwa nayo.

Baada ya asri nikaikokotoa, injini na mwili kama kitu kimoja. Naogopa hata kuandika hii. Nikavaa spika ndogo za masikioni, nikabonyeza. Mngurumo mzito ukaniingia kifuani.

Kule nje ngamia wakalia.

"Wewe! Si nimekuambia hiyo ya pili ni mbaya?" Mama akaita kutoka bomani. "Zima!"

Wallahi, nilikuwa naisikia peke yangu.

Ripoti ya kusema ni kimya siitumi. Nitaandika njia isipite hapa, na hesabu ninayo. Lakini wakiniuliza nani aliisikia kwanza, nitawaambia nini?

Kompyuta nimeizima kitambo. Mama anasema ngamia bado hawajafungua maziwa.