Tiago Sikioni mwa Mjukuu

Jumapili, 13 Julai
Kahawa, kashata, umbea. Barazani nimewaambia wenzangu Kireno nakimwaga kama maji. Uongo. Najua meza, leso na gereza, na hata hayo nilidhani ni yetu.
Nilijisifu kwa hasira. Mwanangu Idrisa, muuza makava ya simu hapa Kariakoo, kapata mtoto wa kiume jana. Anataka kumwita Tiago, jina la Kireno.

Jumatatu, 14 Julai
Eti kuna mcheza mpira Ulaya anaitwa hivyo. Idrisa mwenyewe Kigamboni tu hafiki bila kutapika kwenye pantoni.
Kwetu mjukuu wa kwanza hubeba jina la babu. Mimi Yakubu. Nimemkumbusha.
"Baba, Yakubu la kizee. Shuleni watamcheka."
La kizee. Kwenye kitambulisho chake limekaa la pili, halijamng'ata.
Wareno walitupiga mizinga pwani nzima, wakatuachia magofu na leso. Leo tunawafuata kuwaomba na jina. Upuuzi.

Jumatano, 16 Julai
Nimeenda Mchafukoge kwa mtani wangu Mgoa, fundi wa suti. Wagoa walitawaliwa na Wareno kule India, majina yao wanayo tangu mababu. Nilitaka uchafu wa jina hili. Kanipa, pini mdomoni: lilikuwa la mtakatifu, na wapanda farasi wa Kireno walilipigia ukelele wakiwavamia Waislamu vitani.
Nikafurahi mpaka nikaona haya. Nikilisema hili mbele ya sheikh, Tiago kwisha.
Mgoa hakunyamaza. "Mtakatifu mwenyewe aliitwa Iago. Sant ni mtakatifu. Sant'Iago, Sant'Iago, watu wakalikata pasipo pake, akazaliwa Tiago. Na Iago ndiye Yakobo. Yakubu. Wewe hapo, mzee mzima hujui jina lako."
Nimeondoka bila kumuaga.

Alhamisi, 17 Julai
Idrisa ananizunguka kama paka jikoni. Anaogopa nitakataa. Aogope.

Ijumaa, 18 Julai
Akika. Mbuzi mgumu, wageni wengi.
Kwetu mkubwa wa ukoo hulitia jina sikioni mwa mtoto kwanza, ndipo alitangaze. Nikainama. Sikioni: Yakubu. Kwa sauti: Tiago. Idrisa akalia, mjinga yule. Sikumdanganya mtu. Jina moja, nimelisema mara mbili. Habari za farasi nimezimeza.
Mjukuu, siri yako nimeitunza. Ukianza kutembea nilipe: nitolee kandambili zangu chini ya kitanda. Mgongo umegoma tangu nilipokuinamia.